Dakar kwa siku tatu: mwongozo kamili wa kuzuru misikiti, Kanisa Kuu na kisiwa cha Gorée

Nilifika Msikiti Mkuu wa Dakar siku ya Ijumaa, saa nane kasorobo mchana, kamera shingoni, nikidhani nitalitazama jengo kwa nusu saa kisha nipite zangu. Nikakuta barabara imetandikwa mikeka mpaka kwenye vibaraza vya maduka, hata pa kuweka mguu hapaonekani. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mtaro akanitazama kuanzia kamera hadi viatu, akasogea kidogo, akapigapiga mkeka wake kwa kiganja: kaa. Nikakaa, nikaswali. Jengo lenyewe nililiona Jumatatu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza Dakar kuna nini cha kuona, mimi humuuliza kwanza anakwenda lini. Mji wenyewe hauna ugumu. Sehemu nyingi za kuzuru ziko kwenye rasi moja nyembamba ya Cap-Vert, na siku tatu zinatosha. Kinachowaangusha wageni ni ratiba: makumbusho yamefungwa, kivuko kimejaa, swala imeingia. Sisi wa Afrika Mashariki tuna na kosa letu la ziada. Tukisikia salamu aleikum kila kona tunajiona tuko Tanga au Mombasa, tunajiachia. Yanayofanana ni mengi kweli, lakini yale machache yasiyofanana ndiyo yanayomwaibisha mtu.

Hatua ya 1: Pangia tarehe kwa kalenda mbili

Kalenda ya miladi ni ya hali ya hewa. Kuanzia Novemba hadi Mei hakuna mvua, na Desemba mpaka Februari jioni huwa na baridi ya kuvaa sweta, bahari inavuma. Ubaya wa miezi hiyo ni vumbi la Sahara: siku nyingine anga inageuka rangi ya maziwa na picha zote zinatoka kama zimepakwa unga. Julai hadi Oktoba ni mvua, joto na jasho.

Kalenda ya Kiislamu ndiyo ya kuangalia kwa makini zaidi, maana Senegal ni nchi ya twarika na Waislamu ni zaidi ya asilimia 90. Tarehe 18 Safar ni Magal, ukumbusho wa siku Wafaransa walipompeleka uhamishoni Gabon Sheikh Ahmadu Bamba, mwanzilishi wa twarika ya Murid, mwaka 1895. Siku hizo mamilioni ya watu humiminika mji mtakatifu wa Touba, mashariki ya Dakar, na mji mkuu unabaki kama nyumba ambayo wenyewe wamekwenda harusini. Teksi hazipatikani, maduka yamefungwa. Maulidi, ambayo wenyewe wanayaita Gamou, nayo huwapeleka watu mji wa Tivaouane kwa Watijani, wafuasi wa twarika ya Tijani. Aliyewahi kwenda Lamu wakati wa Maulidi bila kuweka chumba mapema anajua ninachosema. Idi el Fitri wanaiita Korité na Idi el Haji ni Tabaski. Wiki ya Tabaski mji mzima unanuka kondoo na kila mtu anasafiri kwao. Ukitaka kuona majengo, zikwepe siku hizo. Ukitaka kuona watu, zifuate, lakini huo ni mwongozo mwingine.

Tarehe 4 Aprili ni sikukuu ya uhuru, kuna gwaride, na barabara za katikati ya mji hufungwa.

Hatua ya 2: Karatasi, pesa na maneno kumi

Masharti ya viza yanategemea pasi unayoshika na hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozi wa Senegal unaohudumia nchi yako kabla ya kulipia tiketi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasi, si ndani ya begi ulilokabidhi kwa shirika la ndege.

Pesa yao ni faranga ya CFA, ambayo imefungwa kwenye euro: euro 1 ni faranga 655.957, jana, leo na kesho. Kwa hiyo beba euro ukiweza, maana dola hupanda na kushuka, na shilingi zetu hakuna atakayezitazama mara mbili. Ukishabadilisha, omba noti ndogo. Noti ya 10,000 ni msiba: dereva hana chenji, muuza kahawa hana chenji, na mlinzi wa lango naye hana chenji lakini angependa kubaki nayo. Wenyeji wanalipana kwa simu, hasa kwa Wave, kama sisi na M-Pesa. Ukipata laini ya huko, jiunge siku ya kwanza.

Lugha ya vibao ni Kifaransa, lugha ya mtaani ni Kiwolof. Jifunze machache na ujione mambo yanavyofunguka. Salamu ni ileile ya kwetu, ila jibu wanalitamka *maalekum salaam*. Kisha unauliza *na nga def*, hujambo, naye atakujibu *maa ngi fi rekk*, nipo tu hapa. Asante ni *jërëjëf*. Ndiyo ni *waaw*, hapana ni *déedéet*. Sokoni utahitaji *ñaata la*, bei gani, na baada ya kusikia bei utahitaji *seer na*, ghali hiyo, na *wañi ko*, punguza. Kuna raha moja ndogo hapo kwa mtu wa Kiswahili: Alhamisi kwao ni *alxames* na Ijumaa ni *àjjuma*. Waarabu walitupitia sote.

Halafu usiruke salamu. Mtu akitaka kuuliza njia Dakar huanza na hali, nyumbani, afya na amani, ndipo njia. Mswahili aliyelelewa vizuri hili hana haja ya kufundishwa, ila safarini huwa tunalisahau.

Hatua ya 3: Mavazi

Mwanamume akiwa na kanzu na kofia amemaliza. Ijumaa Dakar nzima huvaa kanzu zao pana zenye kutiwa nishasha mpaka zinalia zikitembea, na kanzu yetu nyeupe inapokewa vizuri, utaulizwa tu umetoka wapi. Suruali ndefu na shati la mikono pia ni sawa. Mwanamke abebe mtandio mkubwa na nguo ndefu isiyobana. Kanga doti moja mkobani inafaa kwa kila dharura, kuanzia mlango wa msikiti hadi upepo wa kivukoni. Viatu viwe vya kuvua na kuvaa haraka, na uwe na mfuko wa kuvitia, kwa sababu misikiti mikubwa ina milango mingi na ulipoingilia sipo utakapotokea.

Hatua ya 4: Kuingia mjini

Tangu Desemba 2017 ndege za abiria zinatua uwanja wa Blaise Diagne, ulio Diass, zaidi ya kilomita 40 kutoka katikati ya mji. Uwanja wa zamani wa Yoff uko ndani ya mji, na miongozo ya zamani bado inautaja, usichanganyikiwe. Teksi za uwanjani hupatana bei kabla ya kupanda, ikiwa ni pamoja na nani atalipa ushuru wa barabara ya mwendo kasi. Mimi sikuuliza hilo la ushuru, na dereva akalikumbuka tulipofika kizuizini.

Chukua chumba mtaa wa Plateau kwa usiku mbili za kwanza. Utatembea kwa miguu kwenda karibu kila unachotaka siku ya kwanza na ya pili. Teksi za mjini, zile nyeusi na manjano, hazina mita inayofanya kazi; taja unakokwenda, patana, ndipo ufungue mlango. Wanaopenda kuita teksi kwa simu hutumia programu ya Yango. Tangu 2024 kuna pia mabasi ya umeme yenye njia yake pekee, mwendokasi kama wa Dar es Salaam, na kituo chake cha mwisho upande wa mjini kiko karibu na Msikiti Mkuu.

Jambo la saa: Dakar iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa tatu. Wenyewe wanahesabu saa kwa mtindo wa Kizungu, kwa hiyo ukiambiwa kivuko ni saa kumi asubuhi, usicheke, ni saa nne yetu. Kwenye mwongozo huu nahesabu Kiswahili.

Siku ya kwanza: Plateau kwa miguu

Anza saa mbili na nusu asubuhi kwenye kituo cha zamani cha reli, karibu na bandari. Kimekarabatiwa na sasa treni ya TER inaondokea hapo kwenda Diamniadio. Mbele yake kuna sanamu ya askari wawili, Mfaransa na Mwafrika, ambayo wenyeji wanaiita Demba na Dupont. Wakoloni waliisimamisha 1923 kwa ajili ya Waafrika waliokufa vitani upande wa Ufaransa. Ikaondolewa 1983, ikarudishwa 2004 na kuwekwa hapo ilipo. Mtazame Dupont alivyomwekea mwenzake mkono begani, halafu ujiamulie mwenyewe ni urafiki au ni umiliki. Mimi kila nikipita nabadilisha jibu.

Panda kuelekea Place de l'Indépendance, uwanja wa katikati ya mji, pita, usikawie. Majengo marefu yamechoka na wauza miwani wana nguvu. Ikulu iko mbele kidogo. Walinzi wa lango wamevaa nyekundu na wanapendeza, lakini uliza kwa ishara kabla ya kupiga picha, na bandari na kambi za jeshi usizipige kabisa.

Kanisa Kuu liko Boulevard de la République. Lilizinduliwa 1936, na jina lake la Kifaransa maana yake ni Kanisa Kuu la Kumbukumbu ya Afrika. Kumbukumbu ya nani? Hapo ndipo pa kusimama. Wakoloni walilijenga kuwaenzi Wafaransa waliofia Afrika, na maandishi ya mbele hapo mwanzo yalisema hivyo, kwamba Ufaransa inawashukuru wafu wake wa Afrika. Leo yanamtaja Bikira Maria, Mama wa Yesu Mwokozi. Inua macho uwaone malaika wanne juu ya lango: nyuso zao na nywele zao zilizosukwa ni za wanawake wa Kiafrika. Wengi wanaingia ndani moja kwa moja bila kuwaona.

Ndani kuna kuba kubwa na mwanga hafifu. Siku za kazi asubuhi, baada ya misa ya mapema, utakuta watu wachache wamepiga magoti. Kaa benchi la nyuma dakika kumi kabla ya kuanza kuzunguka. Kofia vua, simu zima mlio. Ukikuta maua meupe na magari yamepangwa nje, huenda kuna mazishi au harusi, rudi baadaye. Wakristo ni wachache nchini, ila si wageni: Léopold Sédar Senghor, rais wa kwanza, alikuwa Mkatoliki na aliongoza nchi ya Waislamu kwa miaka 20. Na kila Ijumaa Kuu familia za Kikristo hupika *ngalax*, uji mzito wa mtama, karanga na ubuyu, na kuupeleka kwa majirani Waislamu. Tabaski ikifika, nyama hurudi njia ileile. Ukialikwa bakuli la ngalax usikatae. Ubuyu tunaujua sote, lakini si hivyo.

Mchana kula *ceebu jën*, wali wa chenga wenye samaki na mboga, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi 2021. Ukila kwa watu utaletewa sinia moja la wote. Kula mbele yako, mkono wa kulia. Mwenye nyumba ndiye atakayekumegea samaki na kukusogezea. Hapo mtu wa pwani hana mtihani.

Msikiti Mkuu uache mpaka baada ya alasiri. Ulifunguliwa 1964 na Senghor pamoja na Mfalme Hassan II wa Moroko, na ukiutazama unaona Moroko waziwazi: vigae vilivyochongwa, matao, na mnara wa mraba wenye urefu wa mita 67. Asiye Mwislamu kwa kawaida huishia uani, na hata hapo aombe ruhusa kwa mlinzi. Mwislamu aingie kama anavyoingia msikiti wowote, lakini ajue mambo matatu.

La kwanza, hawa ni Wamaliki, si Washafii kama wengi wetu wa pwani. Wengi hawafungi mikono, wanaiacha ikining'inia ubavuni, na imamu haisomi bismillahi kwa sauti kabla ya Fatiha. Mshafii akikaa safu ya mbele anaweza kudhani imamu kasahau. Hajasahau. Swali kama ulivyozoea, hakuna atakayekugombeza.

La pili, Watijani wakimaliza swala ya jioni hukaa duara kwa ajili ya *wazifa*, uradi wao wa pamoja, na katikati ya duara hutandika shuka jeupe. Shuka hilo lina heshima kubwa. Usilikanyage, usilivuke, usiweke simu yako juu yake, hata kama ndiyo njia fupi ya kuendea viatu vyako.

La tatu, Ijumaa. Kila msikiti una saa yake ya khutba, nyingi zikiwa karibu na saa nane mchana, na barabara hufungwa kabla. Ukitaka kuswali, fika saa saba. Ukitaka kuangalia tu, usije Ijumaa.

Siku ya pili: Gorée

Usiende Jumatatu, maana Nyumba ya Watumwa huwa imefungwa. Jumapili nayo ni ya familia za Dakar kwenda kuogelea, kisiwa kinajaa mipira na mabakuli ya wali. Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku nzuri, kwa kivuko cha mwanzo cha asubuhi.

Kivuko kinaondokea bandarini, hatua chache kutoka kituo cha reli. Beba pasi, kwa sababu kuna ukaguzi, na pia nauli inategemea wewe ni nani: Msenegali ana bei yake, mkazi wa Afrika ana yake, na mtalii wa mbali ana yake. Sema mapema unakotoka na uonyeshe pasi. Keshia akikutazama tu anaweza kukukatia ile ya juu. Kisiwani utatozwa pia ushuru mdogo wa manispaa, hata kama hakuna aliyekuambia. Tiketi ya kurudi itunze.

Safari ni kama dakika 20. Kisiwa ni kidogo mno, urefu mita 900 hivi na upana 350, hakuna gari hata moja, kuta ni za waridi na njano iliyochujuka, na bougainvillea zimening'inia kila ukuta. Uzuri huo ndio unaomchanganya mgeni. Wareno walifika hapo karne ya 15, wakafuata Waholanzi, Waingereza na Wafaransa wakinyang'anyana, na Ufaransa ikakishika tangu 1677 kwa sehemu kubwa ya muda. UNESCO ilikiandika kuwa urithi wa dunia 1978.

Gatini utapokewa na watu wanaojiita waongozaji. Wengine ni waongozaji kweli na wana vitambulisho. Omba uone, patana bei na muda, kisha nenda. Mwongozaji anayekijua kisiwa ana thamani. Asiye na kitambulisho atakupeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha shanga cha dada yake.

Nenda Nyumba ya Watumwa kabla ya yote, asubuhi watu wakiwa wachache. Ilijengwa kama 1776. Ukiingia unaona ngazi mbili zilizopinda kama kwato za farasi zikikutana juu, na chini yake vyumba vya mawe: cha wanaume, cha wanawake, cha watoto, na chumba cha wale ambao uzito wao haukufika kilo 60 na ambao walilishwa kwanza mpaka wafae kuuzwa. Chini ya ngazi kuna tundu la wakaidi, na husimuliwa kwamba Nelson Mandela alipozuru 1991 aliingia humo akakaa peke yake. Jaribu kuinama mlangoni kwake, utaona mabega yanavyogusa mawe pande zote. Mwisho wa ukumbi kuna mlango unaofunguka baharini, Mlango wa Kutorudi. Mwanga wake ni mkali mno baada ya giza la vyumba, na kwa sekunde mbili tatu huoni chochote isipokuwa weupe.

Sasa ukweli ambao si kila mwongozaji atakuambia. Wanahistoria wamebishana kwa miaka mingi kuhusu nyumba hiyo. Wapo waliosema, Philip Curtin akiwemo, kwamba waliopitishwa Gorée walikuwa wachache ukilinganisha na bandari nyingine za Afrika Magharibi, kwamba ile ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara tajiri, na kwamba mlango ule unatazama miamba ambapo meli haiwezi kutia nanga. Simulizi iliyoenea duniani ilijengwa hasa na Boubacar Joseph Ndiaye, mlinzi wa nyumba hiyo kwa zaidi ya miaka 40 hadi alipofariki 2009, aliyeshika pingu mkononi na kuwasimulia marais na watoto wa shule kwa sauti ileile. Mimi nimezisikia pande zote, na bado nasimama pale mlangoni. Mtu aliyekwenda Kanisa la Mkunazini Unguja, lililojengwa juu ya soko la watumwa, anajua kwamba mahali panaweza kubeba kumbukumbu kubwa kuliko vipimo vyake. Papa Yohane Paulo II alikuja Gorée Februari 1992 na kuomba msamaha hapo. Hakuuliza kwanza idadi.

Ila usiwe na haraka ya kujipiga picha mlangoni ukitabasamu. Wapo Wamarekani weusi wanaokuja pale kulia. Wapishe.

Ukitoka, pumzika kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Charles, kisha panda kilima cha Castel kwa njia ya michoro ya mchanga. Mafundi wanamwaga mchanga wa rangi mbalimbali juu ya gundi, wanaukung'uta, na picha inabaki. Mchanga ni wa kweli, kutoka sehemu tofauti za nchi, na fundi akikuonyesha bakuli zake moja moja utasahau muda. Ukitaka kununua, nunua kwa anayetengeneza mbele yako. Juu kuna mizinga mikubwa ya kale. Kabla ya kukata tamaa ya joto, shuka mpaka Fort d'Estrées upande wa kaskazini, ngome ya duara yenye makumbusho ya historia. Hapo utapata miaka na ramani zinazokosekana Nyumba ya Watumwa.

Rudi na kivuko cha saa tisa au kumi. Cha mwisho huwa na msukumano.

Siku ya tatu: Kuzunguka rasi

Leo kodi teksi ya nusu siku, kwa bei ya pamoja, na mtajie dereva vituo vyote vinne kwa majina kabla hamjaondoka.

Kwanza Massalikoul Djinane, msikiti wa Wamurid uliofunguliwa 27 Septemba 2019. Jina lake ni la shairi la Sheikh Ahmadu Bamba, na sikio la Kiswahili linalishika haraka: *jinan*, ndiyo pepo, njia za peponi. Una minara mitano, kuba la dhahabu, marumaru mpaka macho yanauma, na pamoja na uwanja wake huchukua watu wapatao 30,000. Siku ya ufunguzi rais wa wakati huo, Macky Sall, na mtangulizi wake Abdoulaye Wade, waliokuwa hawasemezani kwa miaka, walipeana mikono humo mbele ya khalifa, mkuu wa Wamurid. Wageni hupokewa nje ya nyakati za swala. Jitambulishe langoni, acha mwenyeji atembee nawe. Ukisikia sauti za wanaume zikipanda na kushuka kwa kishindo kwenye vipaza sauti, hizo ni kaswida za sheikh. Ukiona watu wawili wakisalimiana kila mmoja akiinua mkono wa mwenzake hadi kwenye paji la uso, ndiyo salamu yao. Ukifanyiwa, fanya vilevile.

Pili, Mnara wa Mwamko wa Afrika pale Mamelles. Hauhusiani na dini, ila ulizua ugomvi wa dini. Ni sanamu ya mita 49 ya mwanamume, mwanamke na mtoto, iliyojengwa na kampuni ya Korea Kaskazini na kuzinduliwa Aprili 2010 chini ya Wade. Maimamu walilalamika kwa sanamu yenyewe na kwa mwanamke aliyevaa nusu. Wengine walilalamika kwa gharama. Ngazi ni 198. Nilizipanda, nikazihesabu, zikanitoa pumzi, na maoni yangu ni kwamba mandhari ya mji kutoka chini ya miguu yao yanatosha. Lifti ya kwenda kichwani ni kwa mwenye pesa za kuchezea.

Tatu, teremka Ouakam kwenye Msikiti wa Uungu, wenye minara miwili, umesimama ufukweni kabisa chini ya genge. Ulimalizika 1997. Mwambie dereva asimame juu barabarani kwanza: minara, nyuma yake mawimbi, na mbele mitumbwi ya rangi imevutwa mchangani mpaka karibu na ukuta. Halafu shuka. Hapo wavuvi wanatoka alfajiri, na ukifika saa moja asubuhi utakuta waliomaliza swala wakisukuma chombo majini bila kubadilisha nguo.

Nne, Yoff. Hapa nenda taratibu kuliko kote. Kuna kaburi la Seydina Limamou Laye, mvuvi wa Kilebu, kabila la wenyeji wa rasi hii, aliyeanza wito wake 1883 na kufariki 1909, ambaye wafuasi wake, Walayeni, wanamwona kuwa ndiye Mahdi. Jengo ni jeupe, liko mchangani karibu na maji. Viatu huvuliwa mbali kabisa, na utatembea peku kwenye mchanga wenye joto. Wafuasi huvaa nyeupe. Usianzishe mjadala wa akida. Nilimsikia mgeni mmoja, mtu wa kwetu, akianza kutoa hoja na hadithi kwa sauti ya darasani. Kijana aliyekuwa akimwongoza alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha njia ya viatu, na ziara ikaishia hapo.

Mambo ya barabarani

Mtu akikujia Plateau akisema, “Hunikumbuki? Mimi mlinzi wa hoteli yako,” hajui hata jina la hoteli yako, muulize. Mwingine atakupa bangili ya zawadi kwa sababu mkewe kajifungua leo. Mpongeze, mrudishie bangili.

Wanaume wa nguo za viraka vya rangi na rasta, wenye vibuyu vya kuchangisha, ni Baye Fall, wafuasi wa Sheikh Ibra Fall, mwanafunzi wa Sheikh Ahmadu Bamba. Ukitaka kutoa toa, usipotaka sema neno jema na upite. Watoto wa chuo cha Kurani wenye makopo, *talibé*, ni jambo zito zaidi. Wametumwa kuomba, na sarafu mara nyingi haibaki kwao. Mimi hununua mkate na kuwagawia wale palepale. Usiwapige picha.

Jioni ya mwisho mtu atakukaribisha chai, *attaaya*, inayomiminwa kutoka juu mpaka povu lijae kikombe. Ni mizunguko mitatu, wa kwanza mchungu, wa mwisho sukari tupu, na yote inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa hiyo usipange kwenda uwanja wa ndege ukiwa kwenye mzunguko wa pili. Ukiinuka kuaga, mwenyeji wako anaweza kukunyoshea mkono wa kushoto. Kwetu hilo ni tusi. Kwao anayesafiri mbali huagwa kwa kushoto, kwa sababu ni kosa, na kosa lazima mtu arudi kulisahihisha. Upokee kwa wa kushoto.